Yana, jana, na jina la mwenzangu

Mimi Mwamu, yaani mtu wa Lamu, nimezaliwa mtaa wa Mkomani, na huu mwaka wa tatu niko Malindi nafanya kazi hotelini, mapokezi. Mwanzo nilikuwa nikisema "yana" badala ya jana au "muyi" badala ya mji watu wanacheka, mpaka supavaiza akaniambia niongee Kiswahili kizuri. Iliniuma wallahi. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa 1928, lakini tenzi za zamani nyingi zimeandikwa kwa Kiamu chetu, sasa kibaya ni kipi?

Lakini lililonisumbua zaidi ni langu mwenyewe. Siku moja tukipiga stori jikoni nikamwita mwenzangu Mnyika, nimelisikia neno hilo tangu utotoni sikuwahi kulifikiria. Akaweka sahani chini akaniambia taratibu, "Ndugu yangu, mimi Mgiriama. Hilo jina la Mnyika mlitupa nyinyi, kama kwamba sisi ni watu wa porini tu." Nilinyamaza. Mimi niliyelia kwa ajili ya "yana" nimemfanyia mtu zaidi ya hilo, mbele ya wenzake. Nikamwomba radhi pale pale.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na imetaja mpaka lugha na mavazi, ila mle jikoni hakuna aliyeisoma, yalikuwa baina yetu sisi wawili tu.

Siku hizi Ijumaa ananishikia kaunta niende kuswali, Jumapili namshikia yeye aende kanisani. Na ananifundisha kusalimia Kigiriama, mamake alifurahi sana nilipomjaribia.