Swali la Dirishani
Jana nilimsindikiza binti wa jirani yangu, mwenye miaka 17, kwenye kituo cha afya kupima magonjwa ya zinaa, na mhudumu wa dirishani akamuuliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kama ameolewa. Alijifunika uso kwa mtandio, akaninong'oneza, "Shangazi, twende." Mwenye fedha hupimwa faraghani, huyu hata nauli ya bodaboda hakuwa nayo.

Umaskini huohuo huwabana mabinti hata kwenye hedhi: mwaka 2018 Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, kisha mwaka 2019 ikairejesha kwa hoja kwamba bei haikushuka madukani, ilhali wapo mabinti ambao pesa ya taulo huipata kwa mwanaume anayedai mwili wao. Kesho tutarudi alfajiri, kabla foleni haijajaa.