Niliitwa nikamtafsirie "mwenzangu"

Ijumaa moja niko ofisini Kariakoo nimepiga kanzu na kofia, najiandaa kuwahi msikitini, mara bosi huyo anapaza sauti, "Ostadhi, hebu njoo mwenzako yuko hapa, Kiingereza chake kinanichenga." Mwenzangu nani tena? Naingia namkuta mzee wa Kilebanoni, kontena lake limekwama bandarini (kazi yetu ndo hiyo, kutoa mizigo), Kiingereza cha kuokoteza, Kifaransa kibao. Yani kwa vile mi Muislamu na siku hiyo nimevaa kanzu, basi Kiarabu ntakuwa nacho tu, kama vile kinashonewa humo kwenye kanzu.

Mimi Mrangi jamani. Kondoa huko. Kiarabu changu ni cha madrasa, Juzuu Amma nimehifadhi mwanzo mpaka mwisho ila ukiniambia niagize chai kwa Kiarabu ntakufa na kiu. Mzee wa watu akanisalimia, nkajibu alhamdulillah, basi uso ukamchanua, akaona kapata mtu, akaanza kumwaga maneno kama mvua ya masika na mi nipo pale "naam, naam", mpaka akashtukia mwenyewe akacheka. Tukamalizana kwa Kiingereza chake hichohicho, na kalamu, na vidole.

Sasa wakati tunaagana akauliza, kanisa la Katoliki liko wapi, Jumapili anataka kusali. Nkadhani sijamsikia vizuri. Akavuta cheni shingoni, msalaba huo. Nkamchorea ramani ya kwenda Mtakatifu Yosefu, lile la enzi za Mjerumani linalotazama bandari, akasema inshallah atafika. Mi mwenye kanzu namwelekeza Mwarabu kanisani, halafu mbio Ijumaa isinipite.

Kurudi, ofisi nzima imewaka. Dada mmoja, nimwite Neema, akasema huyo atakuwa kabadili dini. Kabadili wapi bana! Wamaroni wa Lebanoni wana karne na karne kwenye Ukristo, na kwa makubaliano yao ya mwaka 1943 rais wa nchi ile anatoka kwao. Wakopti wa Misri nao kanisa lao lilikuwepo kabla Uislamu haujafika huko. Na wote hao wakisali kwa Kiarabu wanamwita Mungu Allah, maana ndo neno lenyewe la lugha yao, sa ulitaka wamwite nani? Ukija kwa Waislamu ndo kabisa, Waarabu ni kama mmoja kati ya watano duniani, na Indonesia peke yake ina Waislamu zaidi ya milioni 200 ambao hata hawafanani na mzee wetu wa kontena. Wairani je, wakitajwa kwenye taarifa ya habari mtu anakwambia "hawa Waarabu hawa", wakati wengi wao ni Waajemi na lugha yao Kiajemi, mwite Mwarabu uone atakavyokununia.

Neema hakukubali. "Haya, mbona majina yenu yote ya Kiarabu?" Nkamuuliza, Neema ni la kabila gani? Kimya. Neema ni Kiarabu dada, na Baraka wa getini ambaye ni Mlutheri naye vilevile, na injili, zaburi, dhambi, msalaba, hata kanisa lenyewe, vyote tumevitoa kulekule. Baraka alicheka mpaka akakaa chini.

Ila nisiwabebeshe wao tu, na sisi tumo. Mjomba wangu kwenye posa moja pale Magomeni aliwaambia wakwe kwamba asili yetu Maskati. Maskati! Babu yake mwenyewe sijui kama bahari aliwahi kuiona. Na hiki Kiswahili chetu nacho kimetuponza, mtu mwenye adabu tunasema ana ustaarabu, chimbua hilo neno ndani yake unakuta kuwa kama Mwarabu. Madrasa hiyohiyo tuliyosoma tulifundishwa kwamba katika maswahaba wa Mtume, Bilali alikuwa Mhabeshi na Salmani Mwajemi, na kwamba Mtume kwenye hotuba ya kuaga alisema Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu ila kwa uchamungu, tukaitikia kwa sauti, tukatoka tukaenda kumsifia mjomba.

Utani wa ofisini siuchukii, nishauzoea. Kilichowahi kuniuma ni cha kwenye daladala ya Mbagala, mama mmoja kavaa baibui wamegombania siti na jamaa, jamaa akamwambia "rudini kwenu Omani." Mama akamjibu kwa Kizaramo, sentensi ndefu hiyo, mi sikuelewa hata neno ila wazee wa nyuma walielewa maana gari zima liliangua kicheko. Kwao na hapo tulipokuwa hata saa nzima haifiki.

Wiki iliyopita bosi kapata wateja wapya, Waturuki wawili. Nasikia kwenye korido, "Ostadhi! Wenzako wengine wamefika."

Nkavaa kofia, nkaenda.