Dirisha la chumba cha mama

Mwezi huu tumebadilisha dirisha la chumba cha mama huku Njombe, na nusura niangushe ukuta. Nyumba ni ya zamani, matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo. Fremu ya mbao imeliwa na mchwa. Mimi nilishashika tindo na nyundo, nikijua ni kazi ya asubuhi moja.

Fundi akanizuia: "Subiri kwanza, kaka. Lenta iko wapi?"

Lenta, yaani boriti ya kubeba ukuta juu ya dirisha, haikuwepo. Matofali yote ya juu yalikuwa yameikalia ile fremu iliyooza! Mama amelala chini yake miaka yote hiyo.

Ikabidi tumwage lenta uani, yenye nondo, iliyozidi upana wa dirisha sentimita 20 kila upande, tukaimwagilia maji wiki mbili. Ndipo tukatoboa ukuta juu ya dirisha, tukapitisha mbao nene na kuzishikilia kwa mirunda ndani na nje. Vioo tulivibandika tepu kabla ya kuvitoa. Fremu tukaikata katikati kwa msumeno, hatukuigonga kabisa.

Mirunda bado ipo. Fundi amekataza kuigusa hadi saruji tuliyojengea lenta ikomae, na mama amehamia sebuleni na wajukuu.