Mpaka mlangoni na kurudi

Fundi aliingia wodini kwa miguu yake mwenyewe, nusura nimwambie arudi akapange foleni na wagonjwa wa nje. Kikohozi kikavu wiki tatu, homa za jioni, pumzi fupi. Nikamsikiliza mgongoni: mapafu yametulia, hata mkoromo hakuna. Oksimita kidoleni, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, ikasoma asilimia 91. Nikamwambia, "Hebu tembea mpaka mlangoni urudi." Aliporudi alishika ukingo wa kitanda, kipimo kimeshuka hadi 82, na maneno yanamtoka matatu matatu.

Aliyefanya kazi wodi za VVU anaujua mlango huo. Kipimo cha kifua kikuu hakikuona kitu. Eksirei ilionyesha ukungu mapafu yote mawili, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. CD4 zake, seli za kinga ambazo VVU huzimaliza, zilikuwa 38 tu. Kwetu hakuna mashine ya kuosha pafu na kuyapeleka yale maji maabara, kwa hiyo tulitibu kwa dalili: nimonia ya Pneumocystis jirovecii. Huyu ni fangasi ambaye wengi wetu tulimvuta tukiwa watoto, kinga ikamalizana naye kimyakimya.

Mpwa wake, kijana wa duka la dawa, akanivuta pembeni. "Dokta, kama ni fangasi, si mumpe fluconazole?"

Swali zuri kuliko alivyodhani. Dawa hiyo inazuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayojenga utando wa seli zao. Huyu hana ergosteroli, anatumia kolesteroli. Ana tabia za ajabu kiasi kwamba hadi 1988 watu wengi walimhesabu miongoni mwa protozoa, vijidudu vya seli moja kama kile cha malaria. Kinachomuua ni Septrini hii hii ya kila siku, ila kwa dozi nzito: vidonge viwili vya miligramu 960 kila baada ya saa nane, siku 21.

Nikaandika Septrini. Prednisoloni sikuandika. Mwongozo unasema oksijeni ikiwa chini namna ile, ianze ndani ya saa 72 za mwanzo, lakini mkono uligoma. Mtu amebakiwa na CD4 38, halafu mimi nimpe dawa ya kushusha kinga? Na kama kifua kikuu kimejificha tu? Nikajiambia tusubiri tuone.

Usiku wa tatu, oksijeni ikipita puani lita tano, oksimita ilisoma 80. Mama yake alikuwa anampepea kwa ncha ya kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia.

"Alikuja anatembea, dokta. Hizo dawa zenu ndizo zinazommaliza."

Hakuwa mbali na ukweli. Septrini inaua fangasi wengi kwa mpigo, na mabaki yao hayana pa kwenda, yanabaki humo humo kwenye vifuko vya hewa. Magamba yao yana sukari inayoitwa beta-glukani. Makrofaji, seli zinazofagia takataka mapafuni, zina kipokezi cha kuitambua, na zikiigusa tu zinamwaga kemikali za kuita wenzao. Neutrofili, askari wengine wa kinga, zinafika, mishipa midogo inavuja, na maji yanakaa pale ambapo hewa ilitakiwa kupita. Panya wa maabara wasio na limfosaiti (kundi la seli za kinga, CD4 zikiwemo) wanaweza kujaa fangasi hawa na bado wakapumua vizuri kwa muda mrefu. Wakipewa limfosaiti, ndipo pumzi inapokata. Na wagonjwa wasio na VVU, waliopandikizwa figo au wanaotumia dawa za saratani, mara nyingi wana fangasi wachache zaidi mapafuni lakini uvimbe mkali zaidi, na wanakufa zaidi.

Haya yote nilifundishwa chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Lakini mbele ya kitanda niliona CD4 38 nikadhani ndani ya yule mtu hakuna tena cha kupigana. Kilikuwepo, tena cha kutosha kumuumiza.

Saa saba usiku nikaandika: miligramu 40 mara mbili kwa siku kwa siku tano, kisha 40 mara moja kwa siku tano, kisha 20 kwa siku 11. Saa 72 zilikuwa hazijaisha.

"Mama, mdudu anakufa," nikamwambia, "ila mwili umepandwa na hasira. Hii ni ya kuutuliza."

Akanitazama. "Sasa mlikuwa mnangoja nini?"

Nikashughulika na mpira wa oksijeni, ingawa haukuwa na tatizo lolote.

Siku ya tano alikuwa 89. Siku ya kumi tukamwanzishia ARV, nami nikawa namchungulia kila nikipita, maana kinga ikianza kurudi inaweza kuuwasha uvimbe upya. Haikuwa hivyo. Siku ya 12 nikamwambia atembee tena mpaka mlangoni. Alienda, akasimama, akashika pazia la wodi na kupitisha kidole kwenye upindo, taratibu, hadi mwisho. Aliporudi oksimita ilisoma 94.

"Dokta," akasema, kwa pumzi moja, "nani aliwashonea lile pazia? Amewaibia."