Nilivyoachana na majedwali ya kubadili presha

Kila mjuaji niliyemuuliza jinsi ya kubadili vipimo vya presha alinitupia jedwali: psi (pauni kwa inchi ya mraba), bar, kilopaskali, atmosfia, milimita za zebaki, safu kwa safu. Sasa umeinama kwenye kompresa, mikono imejaa oili, jedwali utalishika na nini?

Mimi kila kipimo nakipeleka kwanza kwenye kilopaskali, ndipo nakitoa kwenda ninakotaka. Bar 1 ni 100, psi 1 ni 6.895, atmosfia 1 ni 101.325, milimita moja ya zebaki ni 0.1333. Basi. Megapaskali haina hata hesabu: 0.8 ni kilopaskali 800, yaani bar 8.

Ila kwa bar na psi, zinazonisumbua kila siku, nina ujanja wangu na najivunia. Chukua bar 2.2. Mara kumi, 22. Nusu yake, 11. Jumla 33. Toa nusu ya ile namba ya mwanzo, 1.1, unabaki na 31.9. Kikokotoo kitakwambia 31.908, mwache na desimali zake. Kurudi, zidisha psi kwa 7 ugawe kwa 100: psi 32 zinakupa 2.24. Hiyo 7 imezidi kama asilimia moja na nusu, kwa hiyo punguza kidogo, ufike 2.21. Wenzangu wakiwa bado wanatafuta simu mfukoni, mimi nishajibu.

Kuna fundi aliniambia, "Kaka, kilo na bar ni kitu kimoja, usijisumbue." Kwenye tairi, sawa. Lakini mtungi wa gesi ukisoma kilo 200 kwa sentimita ya mraba, hizo ni bar 196. Pengo hilo ni kama psi 56, linazidi upepo wote wa tairi la gari dogo! Halafu anakwambia usijisumbue.

Pampu ya ombwe, ile ya kunyonya hewa, ndiyo iliyowashinda wenye majedwali. Mwongozo ulitaka milimita 310 za zebaki, geji imesimama kwenye bar hasi 0.6. Ukiitia namba hiyo kwenye programu ya simu inakujibu hasi 450, bila aibu. Watu wakaanza kufungua pampu nzima isiyo na kosa lolote. Geji ile sifuri yake ni presha ya hewa ya nje, mwongozo unahesabu kuanzia ombwe tupu, pasipo hewa kabisa. Ongeza kwanza hewa ya nje, bar 1.013 (mlimani ni pungufu, usikariri), unapata 0.413. Hiyo ni kilopaskali 41.3, gawa kwa 0.1333: milimita 310. Pampu ilikuwa nzima.

Kwenye psi angalia herufi ya mwisho, psia au psig: a ni kuanzia ombwe, g ni kuanzia hewa ya nje. Isipoandikwa, iache geji wazi kwenye hewa ya nje: ikisoma sifuri, ni ya g.