Mfaa, msasa na deni la mlango
Asubuhi hii mpwa wangu kaja karakanani, hapa Lamu mjini, kaniuliza: "Mjomba, hii kazi ya nakshi waipendea nini?" Sikumjibu. Nilikuwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, nimefika pale patasi ndogo inapozunguka ua na mbao inajikunja kama karatasi. Ukikosea hapo hakuna kufuta. Dakika zile sizibadilishi na mshahara wa mtu.

Nisichokipenda? Msasa. Vumbi la mbao ya mbambakofi hunikaa kooni, nakohoa hadi usiku, mke wangu kashachoka. Halafu wateja! Mmoja alichukua mlango kabla ya Ramadhani, "salio kesho inshallah". Simu hapokei tena. Mji wetu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, lakini urithi haulipi deni la mbao. Mwingine kaleta picha, ataka mlango mzima kwa wiki mbili, na mbao yenyewe punda hajaileta kutoka gatini.

Kijana kasikiliza malalamiko yote, kisha kaokota patasi: "Inashikwaje?" Nimempa kipande kibovu aharibu.