Baba wa wiki shufwa

Huku Sweden mtu hakwambii "tarehe 12 mwezi wa kumi". Anakwambia "wiki ya 42". Fundi bomba atakuja wiki ya 42, shule inafungwa wiki ya 44, meno ya mtoto yataangaliwa wiki ya 9. Miaka yangu ya kwanza hapa Göteborg nilikuwa naona ni kiburi tu cha watu waliokosa jua la kuhesabia. Siku hizi mimi ndiye nazijua wiki kuliko wao, kwa sababu ni baba wa wiki shufwa.

Mliosoma shule za msingi Tanzania mnazikumbuka: 2, 4, 6 ni namba shufwa, 1, 3, 5 ni namba witiri. Mwalimu wetu wa hesabu pale Tanga alitucharaza sana kwa ajili yake, na sikujua zina kazi gani duniani mpaka siku nilipokaa meza moja na mama watoto, mbele yetu maofisa wawili wa ustawi wa jamii wa manispaa na kalenda ya karatasi, tukaulizwa nani atachukua shufwa na nani witiri. Huduma yenyewe ni bure. Nilichagua shufwa kwa sababu wiki iliyofuata ilikuwa shufwa.

Tuliachana Machi 2020. Sababu zetu ni zetu, simwagi mtama hapa. Tulipeleka maombi ya talaka mahakamani kwa pamoja, ada kronor 900. Watoto walikuwa na miaka 7 na 4, na sheria ya huku haiwapi talaka papo hapo watu wenye mtoto wa chini ya miaka 16. Mnangoja miezi 6 kwanza. Wanaiita betänketid, muda wa kutafakari. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnakaa eda nyote wawili?" Nilicheka, na sikuwa nimecheka siku nyingi. Ndiyo mama, na mimi nimo edani.

Miezi sita ikiisha, mmoja wenu inabidi aandike tena kwamba bado anaitaka talaka. Mkikaa kimya wote mpaka mwaka upite tangu maombi, shauri linajifia lenyewe. Mimi nilikaa kimya. Niliomba na yeye akae kimya. Oktoba bahasha ya mahakama ikadondoka kwenye tundu la mlango.

Wazee nao hawakuwa wamelala. Kikao kilifanyika WhatsApp, Tanga upande huu, Kondoa upande ule. Baba mkubwa alisema watoto ni wa ukoo, waletwe Tanga wakae na bibi yao, sisi tuhangaike na baridi yetu. Mjomba wa watoto akajibu kwamba watoto wadogo ni wa mama, na kwamba hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanzia hapo: mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakavutana saa nzima. Nilipowaambia kwamba huku talaka haiondoi ulezi wa mtu, kwamba sote wawili tunabaki walezi labda mmoja aende mahakamani kudai vingine, na kwamba watoto watakaa wiki kwangu na wiki kwa mama yao, simu ilipoa. Baba mkubwa ndiye aliyezinduka kwanza: "Yaani mnapokezana kama ng'ombe wa mradi?"

Sikuwa na jibu. Hata mimi nilidhani nitawaona Jumamosi, niwanunulie aiskrimu, niwarudishe. Ubaba niliokuwa nao ni ule niliouona kwa baba yangu: naleta, nalipa, nakemea. Naendesha basi, na zamu za alfajiri zinaanza saa kumi na nusu. Watoto wangu nilikuwa nawajua wamelala. Saizi ya viatu vyao nilikuwa siijui.

Wiki shufwa haina wa kumwachia. Suruali ya mvua moja shuleni, moja kwangu, moja kwa mama. Soksi za sufu, chupi ya akiba kwenye mfuko wenye jina, glavu ambazo kila siku inarudi moja. Posho ya watoto inayotolewa na serikali, kronor 1,250 kwa kila mtoto kwa mwezi, inakatwa katikati, 625 kwake na 625 kwangu, lakini glavu hazikatiki katikati.

Kilichonitoa jasho ni nywele. Jumatano moja binti yangu alirudi nywele zimefumuka zote, chini ya kofia ya sufu zimeshikamana. Nikamkalisha katikati ya magoti, mafuta ya nazi pembeni, simu nimeiegemeza kwenye sufuria, dada yangu ananiangalia kutoka Tanga. "Tenga kwa mkia wa kitana, kaka. Mkia! Siyo meno." Vidole vyangu vimezoea usukani. Nikivuta sana mtoto anapiga kelele, nikilegeza msuko unafunguka. Tulianza baada ya chakula, tukamaliza karibu saa nne usiku, twende kilioni sita, tatu kati yake zikikata kona kuelekea sikioni. Dada alisogeza uso kwenye kamera akaziangalia kwa makini. "Hizi hazijafika kilioni," akasema. "Zimepotea njia." Kesho yake binti akaenda nazo shule. Kofia ilinisitiri.

Halafu mafua. Mwaka ule shule za msingi za huku hazikufungwa, ila mtoto mwenye kamasi tu alitakiwa kubaki nyumbani. Mzazi anayekaa na mtoto mgonjwa hulipwa karibu asilimia 80 ya mshahara, hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, na Waswidi wamelitungia jambo hili kitenzi chake, vabba. Vuli ile nilivaba mpaka nikakoma. Msimamizi wangu wa zamu hakuuliza kitu, akabadilisha jina kwenye ratiba. Aliyeuliza ni Mtanzania mwenzangu: "Kwani mwanamke hayupo?" Yupo. Siyo wiki yake.

Yeye anakaa Hjällbo, mimi Hammarkullen, kituo kimoja tu cha tramu. Tunabadilishana Jumatatu bila kuonana: mmoja anawapeleka asubuhi, mwingine anawachukua jioni. Ni utaratibu mzuri sana kwa watu wenye hasira. Usiku wa Jumatatu wiki ya witiri najikuta nimepika wali wa watu watatu.

Sasa wiki ya 53. Miaka mingi ina wiki 52, kwa hiyo shufwa inafuatwa na witiri na hakuna ugomvi. Lakini kila baada ya miaka mitano au sita kalenda inaongeza moja. 2020 ilikuwa nayo, kuanzia Jumatatu tarehe 28 Desemba mpaka Jumapili tarehe 3 Januari. Inayofuata ni wiki ya 1. Hesabu mwenyewe: 53 witiri, 1 witiri.

Mimi sikuhesabu. Nilikaa wiki nzima peke yangu nikijiambia Jumatatu watakuja. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo tarehe 4 Januari nikawafuata mlangoni kwa mama yao, nimebeba sledi mpya nyekundu ya kutelezea thelujini, bei bado imebandikwa. Alifungua akiwa na kanga begani. Akaiangalia sledi.

"Baba watoto, hii wiki yangu."

"Iliyopita ilikuwa yako."

"Ilikuwa 53. Hii ni 1."

Nilibishana. Nilisema maneno ya kutosha kusikika ngazini. Akaingia ndani akarudi na karatasi tuliyoisaini wote wawili, na kweli imeandikwa shufwa na witiri, hakuna neno "kupokezana". Nyuma yake mdogo alikuwa tayari amevaa buti, mguu wa kulia kwenye buti la kushoto. Binti yangu hakuvaa. Alisimama akimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, kisha akasema polepole, kama anayemweleza mtoto, "Baba, ni wiki ya mama."

Mama watoto akakunja karatasi. "Wachukue mpaka magharibi," akasema. "Wavae suruali za ndani, nje ni baridi." Tuliteleza mpaka giza likaingia, na huku Januari giza halichelewi. Nikawarudisha saa kumi na moja.

Mwaka huo wa 2021 Idd zote mbili ziliangukia witiri, tarehe 13 Mei wiki ya 19 na tarehe 20 Julai wiki ya 29. Safari hii nilihesabu mapema, nikampigia simu badala ya kubisha mlango. Tukakubaliana Idd haina wiki: swala ya asubuhi wanakwenda na mimi, pilau wanakula kwa mama yao. Mwaka wa pili na mimi nilialikwa kwenye pilau. Nilikaa karibu na mlango kama mgeni, lakini nilikula.

2026 nao una wiki ya 53, na tarehe ni zilezile, 28 Desemba mpaka 3 Januari. Binti ana miaka 13 sasa. Ana ufunguo wa nyumba zote mbili, na nywele anasuka mwenyewe. Juzi nimepata ujumbe kutoka Hjällbo.

"Baba watoto, mwishoni mwa mwaka kuna 53. Umeiona?"

"Nimeiona tangu Januari."

"Basi tuikate Alhamisi. Nusu yako uje na sledi."

Ile nyekundu ilishapasuka. Nimeandika Alhamisi kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu ya wino.